Jina Lililomezwa na Kisanduku

Ting! Sauti moja tu, usiku wa manane, na hakuna aliyelala tena. Asubuhi, kijiweni kwetu nyuma ya benki, katikati ya Lubumbashi, Mama Katungu alimimina kahawa. Kwenye simu yake kisanduku cha onyo cha aplikasyo ya wauza samaki kilikuwa bado wazi, maandishi manene, mekundu: *Boti imezama Kasenga. Wote wameokoka, isipokuwa mmoja:* Baada ya nukta mbili, utupu. Emery, mume wake, alipanda boti ile. Simu za Kasenga, huko mto Luapula, haziitiki.

— Rangi nyekundu hivi ni damu, akasema Ézéchiel, tunayemwita Pasta Bila Kanisa. Na damu ni nzito kuliko maji. Donc, basi, boti haikuzama!

— Kunywa kahawa, Pasta, akacheka Papa Edmond, tunayemwita Journal, yaani gazeti. Lisemwalo lipo. Jina haikusemwa, basi maiti haiko.

— Ungekuwa na muntu mule, ungecheka? Mama Katungu akamuuliza.

— Mi sina muntu kule.

Sote tulijua anadanganya. Mwanawe anaendesha boti Kasenga. Tangu wagombane, miaka miwili sasa, mzee hatamki jina lake, humwita "ule" tu.

— Ni bachawi ba mu Luapula, Pasta akanong'ona. Banakula muntu, banakula na jina yake.

— Pasta, nyamaza! Mama Katungu akalia.

Hapo akafika Dorcelle, aliyetengeneza aplikasyo ile, akihema.

— Bamama, karani wa Kasenga mwenye kutuma maonyo anaandikaka jina ya marehemu namna gani?

— Anaifungaka katikati ya alama mbili za mishale, Mama Katungu akajibu. Moja huku, moja kule. Juu ya kumupatia heshima.

Dorcelle akashika kichwa.

— Mungu wangu! Kisanduku kinafikiri kila kitu katikati ya ile mishale ni amri: nenepesha maandishi, piga rangi. Amri haionyeshwi. Jina haikupotea, mama. Iko ndani.

— Fungula, Mama Katungu akasema.

— Hapana! Edmond akapaza sauti. Acha ikae mule!

Kikombe chake kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

Dorcelle akafungua ujumbe kama ulivyoandikwa. Akasoma kimya. Macho yake yakampita Mama Katungu, yakatua kwa mzee, yakabaki pale.

Kabla hajasema neno, Edmond akavua kofia.

— Chishimba, akasema.