Bi Rudia, Mkaguzi wa Vipimajoto

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji. Jina la Bi Rudia alilipata ukubwani, kazini, lakini sisi wa nyumbani tunajua alilistahili tangu utotoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Akiwa darasa la tano aligundua kuwa mwalimu wa hesabu amemjumlishia alama nne za bure. Akairudisha karatasi, akashushwa kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu. Mama alimnunia wiki nzima. Marehemu naye alinuna, maana hakuona kosa lake liko wapi. Aliendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya elektroniki mwaka 1993.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya vifaa vya hospitali, akawa fundi wa mizani na vipimajoto hadi mwili ulipomkatalia. Huko ndiko alikokutana na mumewe, dereva aliyekuwa akileta vifaa vibovu. Barua ya kwanza ya uchumba ilikuwa na kurasa tatu. Marehemu aliirudisha na ujumbe mfupi kwamba ameisoma mara mbili na hajaona mwandishi anataka nini. Ya pili ilikuwa na mstari mmoja. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2006 alianza kazi nyingine, ya kujitolea, ambayo wengi wetu hatukuielewa. Kila asubuhi kabla ya chai alikaa kwenye meza ndogo karibu na jiko, akikagua draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, kabla hazijaingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi unaotumiwa bure na watu wengi duniani. Sehemu yake ilikuwa vipimajoto. Aliyekosea alirudishiwa kazi na maelezo. Aliyekosea tena, alirudishiwa tena.

Februari 2022 kampuni moja ilileta draiva ya kipimajoto cha friji za chanjo. Marehemu aliisoma, akagundua jambo lililomkosesha raha: waya ukikatika, draiva haikusema chochote. Iliendelea kutoa joto la mwisho ililosoma. Muuguzi angeingia zamu, akaona nyuzi nne, akaridhika, kumbe ndani chanjo zinaiva. Akawaandikia kwamba kifaa kikishindwa kusoma, kiseme kimeshindwa. Mhandisi wa kampuni akajibu kwamba wateja hawapendi kuona maneno ya hitilafu.

Basi ikawa nipe nikupe. Toleo la pili lilirekebisha nafasi kati ya maneno. La nne lilibadilisha majina. La saba lilikuja na shukrani nyingi kwa maoni yake mazuri, na kosa limekaa palepale. Matoleo yalifika kumi na moja. Kila siku toleo jipya lilipoingia, marehemu aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mumewe alimshauri aiachie ipite tu, kwani friji si yake.

"Nikiipitisha, imekuwa yangu," alimjibu.

Mei 2023 alianza kuvimba miguu. Vipimo vilionyesha figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Septemba, akiwa amelazwa, mkubwa wa sehemu yake aliona draiva imechelewa mno, akalipitisha lile toleo la kumi na moja. Marehemu aliisoma habari hiyo kwenye simu. Siku hiyo hakula. Kesho yake aliomba miwani, akaandika marekebisho mwenyewe, mistari sita, akayatuma tarehe 9 Oktoba.

Hakujibiwa. Alikumbusha kwa adabu mara tatu, kimya. Kila daktari alipotoka, aliuliza kwanza kama kuna ujumbe. Wiki moja kabla ya mwisho alimwambia binti yake, ambaye ni muuguzi:

"Nimewasomea wote miaka kumi na saba. Mimi mistari sita tu, hakuna mwenye nafasi."

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Desemba 2023, saa nne asubuhi, siku ya hamsini na saba tangu ayatume. Jumatano jibu likaja. Mkaguzi mpya alikuwa ameona kosa la tahajia kwenye maelezo, akamwomba alisahihishe kisha atume tena. Familia haitaficha kwamba tuliumia, na baadhi yetu tulisema maneno yasiyofaa kusomwa hapa. Mumewe alitaka simu izimwe. Binti ndiye aliyeichukua, akaketi mlangoni katikati ya wageni, akasahihisha lile neno, akaandika chini yake: "Mwandishi amefariki jana. Tahajia nimerekebisha mimi, bintiye. Mistari ni yake, msiiguse."

Hawakuigusa. Ijumaa, jana, ilipokelewa kama ilivyo. Pole hawakutoa, lakini sasa waya wa kipimajoto kile ukikatika, kinasema.

Marehemu ameacha mama mzazi mwenye miaka themanini na minne, mume, binti muuguzi, mwana mwalimu wa hesabu, mjukuu mmoja, kaka wawili, dada wawili, na mafundi wengi aliowarudishia kazi, baadhi yao wamo humu.

Mungu amlaze pema. Apumzike, kazi yake imesomwa.