Agnetha, Aliyemtembeza Mtawala Mpakani

Jumatano jioni, tarehe 1 Oktoba 2025, Agnetha alionja ndizi alizopikiwa na mumewe, Datius, akamtazama, akamuuliza, "Mwalimu, hizi umezipika au umezitisha tu?" Datius alirudisha sufuria jikoni, naye akala kidogo zilipoiva.

Marehemu Agnetha Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Aroni na Mama Joanitha, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari Bukoba, na mwaka 1997 akahitimu Dar es Salaam shahada ya upimaji ardhi, akarudi Muleba kufanya kazi hiyo hadi alipougua.

Tarehe 10 Julai 1999 alifunga ndoa na Datius Kahigi, mwalimu wa fizikia, wakajenga Kitendaguro, Mungu akawajalia Derick na Restituta.

Juni 2011 kampuni moja ilinunua shamba kwenye mwinuko juu ya ziwa, mkabala na kisiwa cha Bumbire, na wakili wake akaleta barua akitaka lipimwe haraka. Agnetha alimjibu kuwa shamba halipimwi kwa barua, mwenye shamba mwenyewe aje apite mpakani mbele ya majirani, kama wapitavyo wenye vibanja vya migomba wote, la sivyo hapandi jiwe la mpaka hata moja. Baada ya wiki mbili alikuja mtu mwenye walinzi, akapita migombani na viatu vyake vyeupe, huku Datius, aliyekuwa likizo, akishika ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Mama Klaudia, jirani wa upande wa juu, alimuuliza, "Mwanangu, wewe ni wa kwa nani?" Mtu yule, ambaye pengine hakuwa ameulizwa hivyo kwa miaka mingi, alicheka, akataja jina lake na nchi anayoitawala, akasema shamba ni lake, kampuni ni karatasi tu.

Nyumba ilijengwa, kubwa kuliko kanisa la parokia, taa zake zikawashwa kila jioni, wala hakuna aliyewahi kulala humo. Mwaka 2019 mtawala huyo alipinduliwa, wapelelezi wakafuata fedha za hospitali za nchi yake zilikoishia, zikawafikisha Muleba. Mama Klaudia alikuwa ameshafariki, majirani wengine walisema hawakumbuki, Agnetha peke yake akatoa maelezo, mwaka 2022. Datius alitaka kusimama naye, Agnetha akakataa, akasema, "Baba Derick, mmoja wetu abaki kwa watoto."

Tangu hapo gari lisilo na namba lilikuwa likisimama ng'ambo ya lango lao, na simu ziliita, mtu akapumua tu, akakata. Agnetha alizoea kumwambia anayepumua, "Karibu, ukikohoa tutakujua." Lakini aliacha kukaa barazani, na kila gari likipunguza mwendo aliacha kuzungumza hadi lipite.

Machi 2024 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, akatibiwa Bukoba na Mwanza, akafariki nyumbani alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Oktoba 2025, kesi ya nyumba ile ikisubiri kusikilizwa Novemba, na wakili wa kampuni alikwishasema kuwa bila shahidi aliye hai aliyemsikia mtawala akisema shamba ni lake, nyumba itabaki ya kampuni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Kitendaguro waliolala nasi msibani, wapima ardhi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao, na wote mliofika, hata tusiowafahamu mliosimama pale nyuma.

Agnetha, kazi yako umeimaliza, pumzika sasa, mama.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kwenda kuchagua jeneza, Datius aliwapigia wapelelezi, akawaambia shahidi wao amefariki, kisha akawatajia jina lake kamili na mahali anapoishi, akasema siku ile ya kupima naye alikuwepo, alisikia, na Novemba atakuja mahakamani.