Mativo, Gesi ya Kentucky na Mbuzi Watatu

Ndugu, jamaa na majirani wa Buruburu, mimi ni Kavinya, dada yake marehemu. Nimepewa dakika tano nisome maisha yake. Nitasoma nikiwa nimekasirika, mnivumilie.

Kaka yetu Mativo alizaliwa Pumwani tarehe 14 Machi 1970, kifungua mimba wa marehemu Mzee Nzivo, karani wa reli. Alilelewa Ziwani, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari Machakos, na mwaka 1994 akahitimu masomo ya jiolojia Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa mtu wa kuokota mawe. Mama alikuwa akiyatupa, naye anayarudisha.

Mwaka 1997 aliajiriwa na kampuni moja ya gesi huko Kentucky, Marekani. Kazi yake ilikuwa kupasua shale, mawe meusi ya matabaka yaliyofungia gesi chini sana ardhini. Naijua kazi hiyo kuliko nilivyotaka, maana kila nikimpigia simu kumuuliza habari za nyumbani, jibu lilikuwa shale.

Jiko alilipata mwaka 1999. Alikuja likizo akampenda Wayua, wakahamia Buruburu, naye akawa wa kuja na kurudi Kentucky, Mungu akawajalia Annah na Nzivo. Lakini ntheo hakupeleka. Kwa wageni wetu, ntheo ni mbuzi watatu ambao sisi Wakamba hupeleka kwao msichana. Bila hao, hata mkae miaka mia, huyo si mke wako. Wazee walijitolea kumpelekea. Akakataa katakata, "Kamba nitaishika mwenyewe."

Haya, njoo uishike! Desemba 2009 tulinunua mbuzi, tukawafunga nyuma ya nyumba. Siku moja kabla ya safari yake ya kuja akapiga simu.

"Kavinya, kisima kinanihitaji. Mwamba wa huku hauna nguvu ya kusukuma maji nje. Ukiupasua kwa maji matupu, maji yanakwama kwenye nyufa na gesi haipiti. Sharti tusukume povu la nitrojeni na mchanga. Mchanga unazuia nyufa zisifunge, nitrojeni inasaidia kuyatoa maji. Nikiondoka sasa, watafungua kisima haraka mno na mchanga wote utarudi juu."

"Mativo, mimi ni fundi cherehani. Nimekuuliza habari za mbuzi."

Mbuzi wenyewe walikuwa wamemaliza maua ya jirani. Tukawala Krismasi. Mwaka uliofuata kukawa na kisima kingine, na kingine. Jamani, kaka yangu alikuwa na subira na mawe kuliko na watu.

Novemba 2024 alirudi, saratani ikiwa imeshika ini. Hata kitandani alisema, "Nikipata nguvu kidogo tu, nitaenda." Hakupata. Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wayua.

Hapo ndipo wazee walipotuambia Wayua hawezi kukaa kiti cha mjane wala kutupa udongo kaburini, kwa kuwa hakuolewa. Jana tukapeleka mbuzi kwao. Mjomba wake, Mzee Mutisya, akatusimamisha langoni.

"Mwenye mbuzi yuko mochari. Miaka yote hii alikuwa na shughuli gani?"

Nikajikuta, mimi Kavinya, namweleza mzee wa watu habari za povu la nitrojeni. Nilieleza mpaka mchanga. Lango hakulifungua. Nilikuwa tayari kulia kwa hasira.

Wayua, aliyekuwa ametangulia kwao, akatoka ndani. "Mjomba," akasema, "tangu Januari nimemwosha, nimemlisha, nimembeba mpaka chooni. Kama hiyo si kazi ya mke, niambie ni ya nani. Pokea mbuzi."

Mzee akawahesabu mbuzi, wote watatu. Kisha akanyoosha mkono, akashika kamba.

Marehemu ameacha watoto wawili, Annah na Nzivo, dada mmoja, ambaye ni mimi, na marafiki wengi ambao bado wanasubiri awamalizie habari za kisima fulani. Programu mlizoshika zilichapishwa Jumatano, kabla mbuzi hawajapokelewa. Ndiyo maana palipoandikwa "Mke" mnaona pako wazi. Mwenye kalamu aitoe. Asiye nayo aazime kwa jirani yake. Nawasubiri.

Andikeni: Wayua.

Lala salama, Mativo. Sisi tumechoka.