Bi Ushahidi na Sampuli za Saa Kumi na Moja Alfajiri

Bi Ushahidi anastaafu Ijumaa, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maabara yetu ya maji. Idadi hiyo ilithibitishwa Jumatatu na ofisa utumishi. Barua ya kwanza ilisema thelathini. Mstaafu aliirudisha siku hiyohiyo, ikiwa imebanwa pamoja na nakala ya barua yake ya ajira.

Alianza kwa kuosha chupa. Mwaka wa tatu alihamishiwa dirisha la mapokezi, baada ya kukataa chupa ya mkurugenzi mwenyewe kwa sababu haikuwa na lebo. Tangu hapo kila sampuli aliiandika mara mbili: kwenye kompyuta, na kwenye daftari lake gumu kwa kufuata saa ya ukutani. Tulimcheka. Tulisema hata mvua akiiona huchungulia dirisha la pili ili kuhakikisha.

Mwaka jana fundi wa kompyuta alikuja kuweka mfumo wa Linux kwenye laptop ya mapokezi, kando ya ule wa Windows. Programu ya kusajili sampuli ilikubali Windows tu. Ile mpya ya kuchora grafu ilitaka Linux. Bi Ushahidi aliketi ubavuni mwake kutwa nzima. Alimtaka anakili mafaili yote, kisha ayafungue kwenye kompyuta nyingine mbele yake, ndipo aguse diski. Fundi alisema baadaye kwamba hata mama mkwe wake hajawahi kumkodolea macho hivyo. Kazi ilipokwisha, laptop ikiwashwa ilikuwa inauliza: Windows au Linux?

Miezi miwili baadaye meneja aliona jambo kwenye ripoti. Asubuhi sita tofauti, sampuli zilionekana kusajiliwa saa kumi na moja alfajiri, ilhali mlango hufunguliwa saa mbili. Funguo hukaa kwa mlinzi. Mlinzi, baba wa watoto wanne, alipewa barua: siku tatu ajieleze kwa nini mlango ulifunguliwa alfajiri, au aache kazi. Koridoni salamu zilipungua. Tulishamhukumu, nikiwemo mimi.

Bi Ushahidi hakumtetea. Alimhoji kwanza, mara mbili, kama kawaida yake, kisha akafungua daftari. Chupa zilezile alikuwa amezipokea saa mbili na dakika kadhaa. Pengo lilikuwa saa tatu kamili kila mara, na kila mara ni asubuhi iliyofuata siku ya kutumia Linux. Akaweka daftari na ripoti mezani kwa meneja.

"Baba huyu nimemhoji, majibu yake hayabadiliki," alisema. "Ya mashine yanabadilika. Mwiteni fundi."

Fundi alikiri kosa. Linux ilikuwa ikiacha ndani ya mashine saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na Windows ikaisoma kama saa ya hapa kwetu, mpaka mtandao uisahihishe. Aliirekebisha kwa amri moja. Barua ya mlinzi ilifutwa kwa maandishi. Bi Ushahidi alidai nakala.

Dada yetu, asante kwa kutotuamini. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wenye subira.

Makabidhiano ni Ijumaa saa mbili kamili asubuhi: laptop moja, madaftari kumi na tisa. Mlango atafungua mlinzi yuleyule. Mstaafu ameagiza kwamba muda usomwe ukutani.