Kona Isiyolimwa ya Shamba la Schoof

Ilikuwa mwaka 2011, mwishoni mwa majira ya machipuko, wiki ile ambayo mahindi yanafika kwenye kifundo cha mguu na maua makubwa yaitwayo peoni yanachanua. Jumanne asubuhi, hapa New Larrelt, Iowa, Gerdt Ubben alifariki dunia akiwa mezani jikoni kwake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Chai yake ilikuwa bado moto.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Gerdt Ubben. Lakini Gerdt hakumbukiki peke yake. Aliacha ombi moja tu: azikwe kando ya bibi yake, Talea, mama wa baba yake. Nalirudia ombi hilo, kwa sababu ndilo lililotusumbua wiki nzima. Alitaka kuzikwa kando ya bibi yake Talea. Na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Talea amelala wapi.

Mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi. Aliyeandaa mwili aliuliza swali la kawaida kabisa: "Tuchimbe wapi?" Aliyeulizwa alikuwa Imke, binti pekee wa marehemu.

Gerdt mwenyewe alikuwa amemtafuta bibi huyo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alianza na Biblia ya ukoo, ile nzito yenye maandishi ya Kijerumani cha zamani. Humo alijifunza kwamba Talea aliletwa Iowa kutoka ng'ambo ya bahari akiwa na umri wa miaka sita, na kwamba mama yake alibeba mzizi wa peoni ndani ya soksi iliyoloweshwa maji. Alizijua ndoa zake na watoto wake. Ukurasa wa vifo ulijazwa kwa mkono wa Talea mwenyewe, jina baada ya jina, mpaka mwaka 1912. Baada ya hapo ni karatasi tupu. Aandikaye vifo vya wenzake hawezi kuandika cha kwake, na hakuna aliyeipokea kalamu.

Gerdt akaenda makaburini. Huko ndiko alikochanganyikiwa zaidi.

Talea aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza, Okko Tammen, alikuwa Mlutheri. Alikufa mwaka 1901, akazikwa kwa Walutheri. Mume wa pili, Harm Ubben, alikuwa Mkalvini. Alikufa mwaka 1912, akazikwa kwa Wakalvini. Nanyi mnajua desturi yetu: mume akifa, mchongaji wa jiwe la kaburi huchonga majina ya mume na mke kwa safari moja, na mwaka wa kufa wa mjane huachwa wazi. Basi jina la Talea liko kwenye mawe mawili, katika makaburi mawili. Na mawe yote mawili yana nafasi tupu pale ulipopaswa kuwa mwaka wa kifo chake.

"Bibi yangu hajafa," Gerdt alizoea kusema, huku akicheka. "Ana miaka mia na thelathini na tano, na hajawahi kuja kula Krismasi."

Lakini kicheko hicho hakikudumu. "Waume wawili wanamngoja, na yeye hayuko kwa yeyote," alimwambia Imke wakati mmoja. "Alizika kila mtu. Sitaki alale peke yake."

Daftari za makanisa hazikumsaidia. Kwa Walutheri ameandikwa: ameolewa kwingine. Kwa Wakalvini, vuli ya mwaka 1918, ambayo ukoo ulijua kuwa ndipo alipofariki, haina maandishi kabisa, kwa sababu homa ile kuu ya mafua ilikuwa imefunga makanisa. Baba yake Gerdt, Hinrich, alikuwa na miaka kumi na miwili vuli hiyo. Angeweza kusema. Lakini Hinrich alifariki Gerdt angali mtoto, na hata alipokuwa hai, maneno yake ya wiki moja yangetosha ndani ya kijiko.

Turudi basi kwenye wiki ya msiba. Jumatano, Imke na shangazi yake, Bibi Frauke, dada mkubwa wa marehemu, walikwenda kwenye mawe yale mawili pamoja na jirani yao Delbert Schoof. Delbert alichukua vile vyuma vyake viwili vya waya vilivyopindwa, ambavyo wakulima wetu hutafutia mabomba ya kutolea maji yaliyofukiwa shambani. Watu wengi hapa huamini kwamba vyuma hivyo, vinavyopishana vyenyewe mkononi juu ya bomba, hupishana pia juu ya kaburi. Mimi siapi kwamba ni kweli. Naeleza kilichotokea.

Juu ya Okko, vyuma vilipishana. Upande wa Talea, vikafunguka. Juu ya Harm, vikapishana. Upande wa Talea, vikafunguka tena.

"Kwa hiyo hayupo hapa wala kule?" Imke aliuliza. "Delbert, jaribu tena, tafadhali."

"Nimejaribu mara tatu, Imke."

"Labda mkono wako unatetemeka," alisema Bibi Frauke. "Ulikuwa ukitetemeka hivyo hivyo nilipokufundisha Zaburi shule ya Jumapili, na hukuikariri hata moja."

"Niliikariri ile fupi, Bi Frauke."

"Nusu yake."

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, Delbert alimrudisha Bibi Frauke nyumbani kwa gari lake. Walipita kando ya shamba la Delbert. Bibi Frauke, aliyekuwa na miaka themanini na minne na macho makali kama sindano, akaanza.

"Delbert, mistari yako ya mahindi imepinda kama mkia wa nguruwe. Huoni haya? Watu wanapita hapa."

"Ni ile kona, Bi Frauke. Inabidi niizunguke."

"Kona gani?"

"Ile pale ya majani. Pale hapalimwi."

"Kwa nini hapalimwi?"

"Sijui."

"Hujui! Udongo mweusi namna hii unauachia panya, na hujui kwa nini?"

"Baba hakulima. Babu hakulima. Na mimi silimi. Nilipomuuliza baba, aliniambia neno moja tu: 'Pale tunadaiwa.' Nikadhani anasema habari za benki, nikanyamaza."

Wasikilizaji wapendwa, kwetu sisi mkulima hulima mpaka ubavuni mwa barabara. Kuacha kona ya udongo mzuri bila kulima ni aibu kubwa kuliko kuacha shati nje ya suruali kanisani. Vizazi vitatu vya ukoo wa Schoof viliivumilia aibu hiyo, na wa mwisho wao hakujua sababu yake.

Bibi Frauke aligeuka kuitazama kona ile. Kisha akasema, "Simamisha gari."

"Bi Frauke, kuna mbigili pale."

"Delbert Schoof, nimesema simamisha gari."

Alikuwa amekumbuka jambo. Alipokuwa msichana mdogo, kabla Gerdt hajajua kutembea, baba yao alizoea kusimamisha farasi mahali hapo hapo. Alivua kofia, akafuta jasho la uso, akaivaa tena, wakaendelea na safari. Watoto walidhani anapumzisha farasi.

"Lakini alifanya hivyo hata Januari," Bibi Frauke alimwambia Delbert, akiwa amesimama katikati ya majani yaliyomfika magotini. "Theluji imejaa mpaka tumboni mwa farasi. Nani hufuta jasho Januari?"

Delbert alikuwa akitazama kitu kilichokuwa nyuma ya Bibi Frauke. Katika majani yale, kilichanua kichaka cha peoni nyeupe zenye matone mekundu katikati. Alikuwa ameziona kila mwaka tangu utotoni, akazihesabu kuwa magugu yenye bahati.

Bibi Frauke aliinama, akaligeuza ua moja kwa kidole.

"Hili lilikuwa mlangoni pa jikoni kwa mama," alisema. "Kabla hawajabomoa nyumba ya zamani. Ni lile lililoletwa ndani ya soksi."

Delbert akatoa vyuma vyake garini, na hapo vikapishana. Akarudi garini, akaleta fimbo ya chuma, akaisukuma polepole ardhini. Kila alipojaribu, ilizama kama kisu ndani ya siagi, katika eneo la urefu wa mtu: udongo uliwahi kuchimbwa.

"Babu alisema kwamba mwaka ule wa homa waliugua wote nyumbani," Delbert alisema. "Wazazi na watoto. Mwanamke mmoja jirani alikatiza shamba na sufuria ya supu, akawauguza mpaka wakapona wote. Hakututajia jina lake. Sisi hatukuuliza."

"Na yeye je? Alirudi kwake?"

Delbert alivua kofia yake. "Hilo nalo hatukuuliza."

Ijumaa ofisi ya kaunti ilitoa kibali. Jumamosi Gerdt Ubben alizikwa katika kona ya shamba la Schoof, kando ya bibi yake Talea. Delbert alichimba kaburi kwa mkono, bila mashine.

Hata leo kuna jambo ambalo silielewi, na sitajifanya nalielewa. Kwa nini Hinrich hakusema? Aliona haya kwamba mama yake alizikwa bila mchungaji? Au akina Ubben walidhani akina Schoof watasema, na akina Schoof wakadhani akina Ubben wanajua? Sisi huzungumza juu ya mvua na juu ya nguruwe, na mengine yote huhesabiwa kuwa yanajulikana.

Kwa Imke na kwa Bibi Frauke, pokeeni pole zetu za dhati. Mungu awape subira, na amlaze Gerdt pema, mahali alipopatafuta. Nanyi mnaosikiliza, tafakarini. Iwapo nyumbani kwenu kuna kona isiyolimwa, au kofia inayovuliwa bila sababu, ulizeni leo, mezani, wakati angalipo wa kujibu.

Nimalizie na Septemba ya mwaka huo, kwa kuwa peoni haihamishwi kabla ya hapo. Delbert alifika kwa Bibi Frauke na gunia lililoloweshwa maji. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mzizi.

"Ni wa kwenu," alisema. "Umekaa kwetu muda mrefu."

Bibi Frauke alifungua kinywa, kisha akakifunga. Ukimshukuru aliyekupa mmea, mmea haushiki mizizi, na hilo kila mtu hapa analijua. Akamwonyesha mahali, kando ya mlango wa jikoni. Delbert akapiga magoti, akachimba, akauweka, akaanza kufukia.

"Usiuzike mno," alisema Bibi Frauke. "Utakosa kuchanua."

Delbert akaurudisha juu kidogo kwa vidole, mpaka vichipukizi vyake vyekundu vikawa karibu na uso wa udongo. Kisha akavua kofia yake, akafuta jasho.