Bwana Harusi Aliye Chini ya Kitambaa

Benchi lenyewe ni mlango. Mlango wa nyumba iliyobomolewa Troyeville, ukalazwa juu ya kreti za maziwa mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani, Bellevue ya Joburg, pale ambapo jua la baridi huchelewa kuondoka ukutani. Kitasa chake bado kipo, na mgeni asiyejua ndiye hukikalia. Bi Zubeda wa Tanga huweka dele lake la kahawa hapo, na wenyewe hufika mmoja mmoja. Wa kwanza huwa Mansour wa Unguja, aitwaye Spika kwa sababu mdomo wake hauna pa kuzimia. Wa pili ni Ruphin wa Bukavu, fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata msikitini kwenye mazishi ya rafiki zake Waislamu. Huyo ni Papa Mita. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa haijachemka, lakini Bi Zubeda alikuwa ameshachemka zamani. Alikuwa na habari imemkaa kooni.

— Nyumbani kwa Jumbe, ukutani, mkewe Mayasa kavaa nguo za harusi. Na mwanamume aliyesimama naye si Jumbe.

Spika akaweka kikombe chini.

— Si Jumbe? Basi nani?

— Mrefu. Ana masharubu. Anacheka.

— Anacheka? Papa Mita akatikisa kichwa. Basi kweli si Jumbe. Mimi nilimushonea suti, ikamukaa sawasawa, akaiangalia kama mutu anaangalia mvua.

— Mume wa kwanza, Spika akahukumu. Nilijua. Mwanamke akiwa mkimya vile, ujue ana mume wa kwanza.

— Nyamazeni, yuleee anakuja, Bi Zubeda akasema, akajipangusa uso kama aliyekuwa anasali.

Jumbe alikuja anatembea upande upande, kitu bapa kimefungwa kwenye kanga kwapani. Wanamwita Robot, kwa sababu anauza chaja za simu kwenye robot, taa za barabarani, magari yakisimama yeye ndio anaanza kwenda. Aliketi, akafungua kanga, akaiweka picha magotini. Kweli: Mayasa, bado kijana, hina mpaka viwikoni, na pembeni yake jamaa mrefu, koti jeusi juu ya kanzu, meno yote nje.

— Huyu ni Ameir, Jumbe akasema. Mdogo wangu.

— Mdogo wako kamwoa mkeo?

— Kanipokelea, Spika! Mimi nilikuwa huku, karatasi sina, nikitoka sirudi. Ndoa ikafungwa Tanga, Ameir akasimama kwa uwakili wangu. Mpiga picha akamwambia sogea, akasogea.

— Kasogea sana, Bi Zubeda akasema, akiivuta picha karibu na jicho lake zima.

— Miaka yote hii mbona hatukumuona? Spika akauliza.

Jumbe akashusha pumzi. Mayasa alikuwa amefuma kitambaa, uzi mweupe, mawaridi mekundu pembeni. Alikifuma kulekule Tanga, akisubiri kuitwa. Alipofika Joburg akakining'iniza kwenye fremu, upande wa Ameir. Mgeni akiingia anaona bibi harusi na mawaridi, basi. Sasa kesho watu wa bwana wanakuja kumposa binti yao Saida, na Saida mwenyewe ndiye anayepamba nyumba. Kawa za ukili za bibi yake kazitundika kama jua saba, picha zake za kibogoyo kazipanga juu ya kabati, hata mkoba aliosuka shule ya msingi kautia maua. Ukuta umependeza mpaka Jumbe alidhani kaingia kwa jirani. Ila kile kitambaa, kwa Kiingereza chake, kakiona kimechakaa. Akakitia kwenye mashine kukifua. Kikatoka kama leso ya mtoto.

— Sasa kinafunika nini? Papa Mita akauliza.

— Masharubu tu.

Spika akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Chekeni, Jumbe akasema. Mayasa kasema ukuta hautakaa na pengo. Nirudi na dawa kabla ya magharibi, la sivyo anaitundika hivihivi, wakwe waingie wamsalimie Ameir.

Hapo benchi likakaa kikao.

— Rahisi, Spika akaanza. Una picha ya pasipoti? Kata kichwa cha Ameir, bandika chako.

Papa Mita akatoa utepe, akapima.

— Haiwezekani. Kichwa cha Jumbe itakuwa kidogo, kama kifungo juu ya koti. Mimi nitashona pazia. Kitenge, na kamba. Mugeni akiuliza, unavuta, wii, inafunga.

— Mgeni gani hataki kujua kilicho nyuma ya pazia? Bi Zubeda akasema. Mimi ningelifungua kabla ya chai.

— Wewe ungelifungua kabla ya salamu, Spika akamjibu. Basi waambie ndiye wewe mwenyewe, Jumbe. Ulikuwa mrefu. Baridi ya Joburg imekusinyaza.

— Na masharubu?

— Yameliwa na baridi hiyohiyo! Au sema Ameir marehemu. Watainamisha macho, hawatauliza kitu.

— Ameir kanipigia simu leo asubuhi. Kesho wakwe wanataka kuongea naye.

— Mwambie azime simu, ni marehemu.

— Astaghfirullah, Bi Zubeda akasema, huku anafurahi. Mimi ninayo dawa safi kuliko zenu. Jumbe, waambie wewe ndiye uliyepiga picha.

Wote wakamtazama.

— Bwana harusi anapiga picha harusi yake?

— Mbahili! Hakutaka kukodi mtu. Wakwe watasema, aa, huyu baba ana akili ya maisha.

Jumbe akaufunika uso kwa viganja. Wakati huohuo akatokea mama mmoja na ndoo ya rasta, msusi, wiki hii tu kahamia chumba cha nyuma cha nyumba ya kona. Akajitaja, Thérèse, wa Bukavu pia. Akaomba kahawa, akaketi, akaruka. Kitasa.

— Pole, mama, Papa Mita akasema. Wote tulianzia hapo.

Thérèse akaitazama picha, akasimuliwa yote, na pazia, na marehemu. Akanywa kidogo.

— Musiniudhikie, miye mugeni. Papa mwenyewe wa harusi eko hai?

— Si huyu hapa! Spika akamsonta Jumbe.

— Na bibi yake?

— Mayasa yuko nyumbani, anapiga pasi mapazia.

— Sasa juu ya nini hawapige picha ingine, bawili?

Spika akafuta kahawa aliyoimwaga. Papa Mita akauviringisha utepe wake taratibu. Bi Zubeda akainua dele kumwongeza mgeni, yakatoka machicha.

— Hatukuwahi, Jumbe akasema, kama anajiambia. Siku zote mmoja anashika simu, mwingine anapigwa.

Akainuka na picha yake, akaenda mbio, kanga akaisahau.

Bi Zubeda hawezi kuona kanga ya mtu imesahaulika. Akaichukua na kumfuata, akasimama chini ya dirisha la Jumbe, akiikunja vizuri, polepole sana.

— Mayasa! Vaa nguo yako ya Idi. Tunapiga picha, niwahi kwa msafisha picha wa mtaa wa Rockey kabla hajafunga.

Pasi ikanyamaza.

— Na nani?

— Na mimi.

Kabati likafunguliwa. Viatu vya kisigino vikasikika sakafuni, halafu Saida akisema kwa Kiingereza wasimame kwenye mwanga, ubavuni mwa kawa za bibi.

— Jumbe, Mayasa akasema. Sogea.

— Si nimesogea?

— Ameir alisogea kuliko hivyo.

Na Jumbe akacheka. Bi Zubeda alikisikia kicheko hicho kwa masikio yake mawili, na hapana mtu mwingine Bellevue anayeweza kusema hivyo. Kanga akaitundika kwenye geti, akarudi kijiweni anahema.

— Kasemaje? Kasemaje?

Akaketi juu ya mlango, mbali na kitasa, akawapa dele tupu.

— Maji kwanza.