Enhe ya Kiti cha Nyuma

"Kwa hiyo mlinidanganya?" kijana alimuuliza fundi cherehani, jirani yake aliyeketi naye, na muuza vitambaa aliyekaa nyuma yao kwenye treni akaacha kusinzia. Macho hayana pazia. Masikio ndiyo kabisa. "Nilipita nyumba kwa nyumba kuwauliza, wote mkasema programu yangu ya simu ya kuzungumza kwa kikundi ni nzuri. Sasa mmeifuta kwenye simu zenu, na kesho naikabidhi kazini!"

"Mtoto wa jirani akusimamie mlangoni na simu mkononi, utamwambia alichotengeneza ni kibaya?" fundi cherehani alimjibu. "Tulikustahi, mwanangu."

"Basi niambie leo. Kasoro iko wapi?"

"Inatunyamazisha. Mmoja akizungumza, sauti za wengine zinafungwa."

"Ili asikike, mama! Bila hivyo ni soko."

"Wifi yangu alikuwa anatusimulia ugonjwa wake. Hakusikia hata pumzi. Akadhani tumemkimbia, akakata simu analia."

"Enhe!" muuza vitambaa aliropoka, kisha akajifanya anatazama dirishani.

Fundi akacheka. "Umesikia? Hatujuani, lakini ameniitikia, nami nimepata nguvu ya kuendelea."

"Huyo ni mmoja. Wakiitikia kumi kwa pamoja, nani atamsikia msemaji?" kijana alishikilia lake.

Treni ikasimama. Fundi alinyanyua kapu lake. "Kwangu leo nyumba imejaa, na wifi yupo. Njoo ule. Usiulize kitu, sikiliza tu tunavyokatizana." Akageuka nyuma. "Na wewe mwenye enhe, unangoja nini? Shuka tukale, kisa hakijafika hata nusu."